Umeezeka Bati. Je, Hewa Inapita Wapi?

Mwezi wa Julai wilayani Mufindi ni mwezi wa baridi kali. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya chai, na mabondeni nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Watu huvaa makoti hata mchana. Usiku kila familia hufunga mlango na madirisha, na wenye mkaa huingiza jiko ndani.

Binamu yangu alihamia nyumba yake mpya mwezi huo. Alikuwa ameijenga kwa miaka minne. Matofali aliyafyatua mwenyewe na kuyachoma kwa kuni za mikaratusi. Kila alipouza viazi alinunua mifuko miwili mitatu ya saruji, na kila alipouza mbao alinunua bati. Mwishowe akapata nyumba ya vyumba vitatu, sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu na kupakwa rangi ya mafuta, bati juu, dari chini ya bati, na madirisha ya vioo. Siku ya kumaliza, fundi alizunguka nyumba yote akapigapiga kuta kwa kiganja. Akasema kwa majivuno, "Hapa hata upepo haupiti."

Ndugu msomaji, lishike neno hilo la fundi. Tutalirudia.

Usiku wa tatu baridi ilizidi. Shemeji yangu alichukua jiko la mkaa lililokwisha kupikiwa. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Akaliweka chumbani, katikati ya kitanda chao na kitanda cha watoto wawili. Wakafunga mlango, wakalala. Chumba kilikuwa na joto zuri.

Asubuhi bibi yetu, anayekaa katika nyumba ya zamani ya nyasi hapo hapo uani, aliona jua limepanda lakini hakuna aliyetoka. Jikoni hakukuwa na moto. Ng'ombe alikuwa analia, hajakamuliwa. Bibi akagonga mlango kwa fimbo yake. Akagonga tena na tena. Binamu yangu alisikia kwa mbali kama mtu aliye ndotoni. Alijaribu kusimama, miguu ikamkataa. Alitambaa mpaka mlangoni akaondoa komeo.

Watoto walitolewa nje wamelegea kama nguo mbichi, wakalazwa kwenye nyasi zenye umande. Mkubwa alitapika. Mdogo alichelewa kufumbua macho, na mama yake anasema muda ule hatausahau. Majirani waliwabeba wote wanne hadi zahanati. Kwa bahati wote walipona.

WALILAUMU RANGI

Nilipokwenda kuwapa pole, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani mmoja alinong'ona kwamba nyumba nzuri huleta wivu, na wivu huleta mambo. Shemeji alidhani ni malaria. Binamu yangu alilaumu rangi.

"Ndugu yangu," aliniambia, "rangi ile ilikuwa inanuka tangu tuhamie. Mimi nilisema hii rangi itatudhuru."

Hakuna aliyelitaja jiko. Kwa nini? Kwa sababu jiko halikunuka wala halikutoa moshi. Pua ilisikia rangi, ikaishtaki rangi.

Ndipo bibi akasema neno lililotuchekesha, kisha likatunyamazisha. "Mimi nimelala na moto wa kuni ndani ya nyumba tangu nizaliwe, na macho yangu yanauma mpaka leo, lakini nimeamka kila siku. Ninyi mmelala siku tatu kwenye nyumba isiyo na moshi, mkataka kufa."

Bibi alisema kweli, ingawa si kweli yote. Tuitazame kweli hiyo vizuri. Siku hizi katika vijiji vya Mbeya na Iringa watu wengi wanaacha nyasi na kuezeka bati. Hilo ni jambo jema. Lakini mtu anapobadili paa na kuta, anabadili pia hewa anayovuta, hata kama hajui.

NYUMBA ZA WAZEE ZILIPUMUAJE?

Wazee wetu hawakujenga nyumba za namna moja. Wahehe walijenga tembe, nyumba ndefu na ya chini yenye kuta za miti na udongo, na paa bapa la miti lililofunikwa udongo juu yake. Huko Rungwe na Kyela, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, udongo na nyasi. Wageni waliopita nchi yao katika karne ya 19 walizisifu nyumba hizo kwa usafi na uzuri. Mahali pengine palikuwa na msonge, au nyumba ya fito iliyokandikwa udongo.

Nyumba ya nyasi ina jambo moja ambalo fundi wa leo hulisahau. Paa lake ni kama chujio. Mvua haipiti, lakini hewa inapita. Ukisimama mlimani alfajiri ukatazama kijiji cha nyumba za nyasi, utaona moshi unatoka juu ya paa zima, mpaka mgeni anaweza kudhani nyumba inaungua. Tena kati ya ukuta na paa huwa kuna mwanya. Mlango nao ni wa mbao zilizoachana. Nyumba hiyo inapumua yenyewe, mchana na usiku, bila mtu kufungua kitu.

Wazee walikuwa na sababu nyingine za kuacha moshi ukae ndani. Mahindi ya mbegu yaliwekwa juu ya moto, na moshi uliyakausha ukafukuza wadudu. Masizi yaliyoganda kwenye nyasi na fito yalizuia mchwa, na paa likadumu miaka mingi zaidi. Mzee aliyesema moshi unalinda nyumba hakuwa mjinga. Alikuwa anasema habari za nyumba na mahindi.

Habari za mapafu ni nyingine. Moshi wa kuni huchoma macho na kifua. Mtoto anayekua karibu na moshi huo ana hatari ya kupata nimonia karibu mara mbili kuliko mwenzake asiyeuvuta. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 peke yake watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi na hewa chafu ya majumbani. Wengi wanaovuta moshi huo ni wanawake wanaopika, na watoto wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika. Kwa hiyo tusitamani kurudi kwenye paa lenye masizi. Bibi yetu mwenyewe ana macho mekundu na kikohozi kisichokwisha.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Walijifunza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Katika miaka hiyo hiyo ya vijiji vya ujamaa palikuwa na wito wa kujenga nyumba bora, na kwa watu wengi nyumba bora ilikuwa na maana ya matofali na bati. Wito huo umezaa matunda. Bati haliungui kwa cheche. Halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji yake ya mvua yanakingwa kwenye pipa. Lakini bati halipitishi hewa. Hata tone.

TOFALI NA MSHUMAA

Wengine watasema: bati halipitishi hewa, sawa, lakini tofali la kuchoma lina vitundu vidogo, kwa hiyo ukuta unapumua. Swali hilo ni zuri, na ni la zamani.

Katika karne ya 19 huko Ujerumani, katika mji wa Munich, alikuwapo mtaalamu mmoja wa afya aliyeitwa Max von Pettenkofer. Yeye aliamini kwamba kuta za matofali zinapumua. Ili kuwaonyesha watu, alichukua kipande cha ukuta wa tofali, akakipaka nta pande zote isipokuwa pande mbili zinazotazamana. Upande mmoja aliweka mrija wa kupuliza. Upande wa pili aliweka mshumaa unaowaka. Akapuliza kwa nguvu, na mshumaa ukazimika! Watu wakastaajabu. Hewa ilikuwa imepita ndani ya tofali.

Lakini wataalamu waliomfuata walipima vizuri zaidi. Waliona kwamba hewa inayopita katikati ya tofali ni kidogo mno. Hewa inayomfaa mtu aliyelala chumbani hupita kwenye madirisha, matundu na nyufa. Tena tofali la Pettenkofer halikuwa na lipu wala rangi ya mafuta. Ukiupiga ukuta lipu, ukaupaka rangi, ukaziba nyufa zote, huo mshumaa utawaka mpaka nta iishe.

Pettenkofer alikosea kuhusu ukuta. Lakini mwaka 1858 alisema jambo lingine ambalo bado linaheshimiwa. Alisema watu wakikaa chumbani, pumzi zao huongeza hewa ya ukaa, yaani ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Ikizidi sehemu moja katika sehemu 1,000 za hewa ya chumba, chumba hicho hakina hewa safi ya kutosha. Hapo ndipo mtu anapoingia na kusema, "Humu hewa nzito." Ukiingia asubuhi katika chumba walimolala watoto sita, dirisha limefungwa, utaelewa alichosema bila kuwa na kipimo chochote.

MTIHANI WA PUA

Kipimo tunacho, nacho ni pua. Mwaka 1988 huko Denmark, Profesa Ole Fanger na wenzake waliwapeleka watu kwenye ofisi 15 na kumbi 5 za mji wa Copenhagen. Kazi ya watu hao ilikuwa kuingia, kuvuta pumzi na kusema hewa ikoje. Mazulia, rangi, gundi, mbao na mashine za kuleta hewa, pamoja na moshi wa sigara, vilichafua hewa kuliko watu waliokaa humo. Kabla ya hapo wengi walifikiri uchafu wa hewa ya ndani unatokana na jasho na pumzi za watu tu. Kumbe nyumba yenyewe inanuka!

Mtihani huo unaweza kuufanya nyumbani kwako bila senti moja. Toka nje, tembea kidogo shambani, kisha rudi uingie chumbani na uvute pumzi ya kwanza. Pumzi ya kwanza ndiyo yenye ukweli. Ukikaa ndani dakika chache pua huzoea, haisikii tena. Ndiyo maana mwenye nyumba anasema, "Hapa hakuna harufu," na mgeni aliyeingia sasa hivi anakunja uso kwa siri. Mtume mtoto wako, au jirani mkweli.

Pua itakuambia mambo kadhaa. Ukisikia harufu ya uvundo, kama gunia lililolowa, hiyo ni kuvu. Jambo hili ni kubwa katika milima ya Rungwe, maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukuta wa tofali usio na msingi mzuri hunyonya maji kutoka ardhini. Nyumba mpya nayo hubaki na maji mengi ndani ya saruji na lipu kwa miezi kadhaa. Mtu akihamia mapema na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi, maji hayo hayana pa kwenda. Usiku bati linapoa, mvuke wa pumzi unagusa bati, unakuwa matone, matone yanaanguka juu ya dari. Baada ya muda utaona madoa meusi kwenye pembe za dari na nyuma ya kabati. Kuvu humsumbua mwenye pumu, na huwakohoza watoto. Kuifuta kwa kitambaa hakutoshi, maana itarudi. Dawa yake ni kukausha: jenga msingi ulioinuka, elekeza maji ya paa mbali na ukuta, na fungua madirisha jua likiwaka. Ukuta uliopakwa chokaa hukauka vizuri kuliko uliopakwa rangi ya mafuta, na kuvu haipendi chokaa. Tena chokaa ni ya bei nafuu.

Harufu ya rangi mpya ya mafuta pia si ya kudharau. Inaumiza kichwa na kuwasha macho. Paka rangi wakati wa kiangazi, acha madirisha wazi, na usilaze mtoto mchanga humo mpaka harufu iishe. Binamu yangu hakuwa amekosea alipoichukia rangi yake. Alikosea kudhani kwamba ndiyo iliyotaka kuwaua.

Maana hapa ndipo pua inaposhindwa. Jiko la mkaa hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala kukohoza. Mtu akiivuta, inaingia katika damu na kuishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni inavyoishika. Damu inazunguka mwilini, lakini haibebi tena kile ambacho mwili unakihitaji. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anakosa nguvu. Aliye macho anaweza kutoka nje. Aliyelala hulala zaidi.

Kuni mbichi zenye moshi humfukuza mtu kwa kumchoma macho. Makaa mekundu hayamfukuzi. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu umekwisha kuwa salama. Si kweli. Hata makaa yanayofifia, yenye majivu juu, bado yanatoa sumu.

Sasa turudi kwa fundi. "Hapa hata upepo haupiti." Katika nyumba ya bibi jiko lile lile lingetoa sumu ile ile, lakini sehemu kubwa ingetoka kwenye nyasi na kwenye mwanya wa ukuta. Katika nyumba ya binamu yangu bati lilizuia juu, dari ikazuia chini ya bati, lipu ikazuia kuta, vioo vikazuia madirisha, na shemeji alikuwa ameweka kanga chini ya mlango ili baridi isiingie. Kila kifaa kizuri alichonunua kwa jasho lake kiliziba njia moja. Hakuna aliyefungua nyingine.

MATUNDU, NA MBU

Ukijenga, mwambie fundi mapema, kabla hajafika kwenye lenta: kila chumba cha kulala kiwe na matundu ya hewa yasiyofungwa. Yawe mawili au zaidi, juu ya madirisha, katika kuta mbili tofauti ikiwezekana, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Tundu moja peke yake halisaidii sana, maana hewa haiingii vizuri mahali ambapo haina pa kutokea. Yapo matofali ya saruji yenye matundu yanayouzwa kwa kazi hiyo. Ukikosa, acha nafasi ya tofali moja. Kama nyumba imekwisha kujengwa, fundi anaweza kutoboa.

Hapa bwana afya atatuuliza swali: je, mbu? Tumeambiwa tuzibe mwanya kati ya ukuta na paa kwa sababu mbu wa malaria huingia hapo. Ni kweli kabisa, na katika joto la Kyela au mabonde ya Usangu hilo si jambo la mzaha. Kwa hiyo tundu liwe na wavu. Wavu wa madirisha unazuia mbu na kupitisha hewa. Uutazame kila baada ya miezi michache, ukiona vumbi na utando umeziba, usugue kwa brashi. Na bado lala ndani ya chandarua. Wako wanaoacha moshi ndani ili kufukuza mbu. Watu hao wanabadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine, na malaria hawaikomeshi.

Shida kubwa ya matundu katika nyanda zetu ni baridi. Nimeona nyumba nyingi zenye matundu mazuri yaliyozibwa kwa matambara, mifuko ya mbolea na magazeti (labda hata gazeti hili). Mwenye nyumba hana nia mbaya, anasikia baridi. Lakini tundu likiwa juu, karibu na dari, upepo wake haumpigi mtu kitandani. Ongeza blanketi. Ukitaka kupasha chumba joto, pasha mapema wakati mko macho, mlango na dirisha vikiwa wazi kidogo, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Nasema nje, si ukumbini.

Jiko la kupikia lingekuwa bora likae katika nyumba yake peke yake, lenye dohani au mwanya mkubwa chini ya paa. Mama akiwa na kuni kavu na jiko lililojengewa udongo au matofali, moshi unapungua sana. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Hilo litasaidia. Lakini hata jiko la gesi linahitaji dirisha lililo wazi.

Mambo mawili mengine yanahusu vifaa vya ujenzi moja kwa moja. Huko Mufindi, karibu na misitu ya Sao Hill, mbao na nguzo ni nyingi, na nyingine zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Mara nyingi huwa na rangi ya kijani. Usichome vipande vyake jikoni. Dawa hiyo inaweza kuwa na sumu kali, na moto hauiondoi, unaipeleka kwenye moshi na kwenye majivu. Jambo la pili ni vigae vya asbesto, vile vya kijivu, vizito kama saruji, vilivyoezekwa kwenye baadhi ya majengo ya zamani. Kikiwa kizima juu ya paa hakina hatari kubwa. Kikivunjwa au kukatwa kwa msumeno, hutoa vumbi lisiloonekana ambalo huweza kuleta saratani ya mapafu baada ya miaka 20 au 40. Usiviokote kujengea banda la kuku.

MALARIA HAIJI HIVYO

Kama asubuhi watu watatu au wanne wa nyumba moja wameamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu, hawana homa, na jiko lilikuwa ndani, usikimbilie kusema malaria. Malaria haipigi watu wanne usiku mmoja. Fungua mlango na madirisha. Watoe nje wote haraka, na wewe usikae ndani kutafuta viatu. Kisha waende zahanati au hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu, kwa sababu sumu hukaa katika damu saa kadhaa. Mueleze mganga kwamba jiko lilikuwa chumbani, maana hataweza kujua kwa kumtazama mgonjwa. Wengi huwapa wagonjwa maziwa. Maziwa hayatoi sumu hii. Inatolewa na hewa safi, na hospitalini kwa oksijeni. Mama mjamzito aangaliwe kwanza, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huumia zaidi.

Siku ya pili ya ziara yangu fundi yule yule aliitwa. Alikuja na nyundo na patasi, uso chini kidogo. Binamu yangu hakumgombeza. Alimwambia tu, "Fundi, sasa tunataka upepo upite." Alitoboa matundu mawili katika kila chumba cha kulala, akakata wavu, akaupigilia kwa misumari midogo. Vumbi jekundu likaanguka juu ya sakafu mpya, na shemeji akafagia bila kulalamika. Kazi ilikwisha kabla ya saa sita.

Bibi alikuwa amekataa tangu mwanzo kuhamia nyumba ya bati. Chumba chake kilikuwa tayari, kitupu. Jioni ile aliingia na fimbo yake, akamwambia mjukuu amletee kigoda. Akapanda polepole, sisi tumemshika huku na huku, akaweka kiganja chake kwenye tundu. Akakiacha hapo kwa muda, kama mtu anayesikiliza. Baridi ya Mufindi ilikuwa inaingia.

"Haya," akasema. "Leteni kitanda changu."